Nuru ya Bei Chee

Kwenye boksi la balbu ya LED kuna hesabu ambayo kila muuza vifaa vya umeme anaijua kwa kichwa: wati 9 za balbu hii zinatoa mwanga unaokaribia ule wa wati 60 za balbu ya kizamani, ile ya waya inayounguza vidole. Hesabu ni ya kweli, na kwa kaya ya kipato cha chini si jambo dogo. Chukua nyumba yenye balbu tano zinazowaka kwa muda wa saa tano kila usiku. Zikiwa za wati 60, kwa mwezi zinakula uniti 45; zikiwa za wati 9, uniti 6 na robo tatu. Mteja mdogo wa TANESCO anayetaka kubaki kwenye bei nafuu hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo balbu za kizamani zilikuwa zinameza zaidi ya nusu ya nafasi yake kabla hajachaji simu wala kuchomeka pasi. LED zinamrudishia nafasi hiyo; anaweza hata kuweka friji ndogo, akauza barafu, na asivuke. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachokitilia shaka ni hitimisho linalochotwa kwenye boksi na kupelekwa katika mipango ya miji, majengo na barabara, kwamba ukishabadili taa umeshabana matumizi. Ufanisi umo ndani ya balbu. Akiba ni kitu kingine, nayo hupatikana pale tu mtu anapoamua mwanga kiasi gani unamtosha, wapi, na mpaka saa ngapi, na uamuzi huo hakuna kiwanda kinachoweza kuufungasha.

Historia ya mwanga ina ushahidi usiopendeza juu ya jambo hili. Roger Fouquet na Peter Pearson, waliofuatilia bei ya mwanga nchini Uingereza kwa karne saba, toka mishumaa ya mafuta ya wanyama hadi umeme, walikuta kwamba kufikia mwaka 2000 kiasi kilekile cha mwanga kiligharimu chini ya sehemu moja ya elfu tatu ya bei yake ya mwaka 1800. Mtu angetarajia Waingereza wawe wameweka kibindoni tofauti yote hiyo. Kumbe matumizi ya mwanga kwa kila mtu yalikuwa yamepanda zaidi ya mara 6,000. William Stanley Jevons aliliona jambo hili mapema, mwaka 1865, alipoandika juu ya makaa ya mawe: injini zilizokula makaa kidogo hazikupunguza uchimbaji, ziliuongeza, kwa kuwa viwanda vingi zaidi viliweza kuzimudu. Tuseme haki, sehemu kubwa ya ongezeko hilo la mwanga ilikuwa neema. Watu walisoma usiku, wakunga walizalisha wakiona wanachokifanya, na mafuta ya nyangumi yakaachwa. Lakini historia hiyo inatuonya tusidhani kwamba bei ikishuka, matumizi yatatulia yenyewe pale yalipokuwa.

Mapinduzi ya LED yalicheleweshwa na rangi moja. Nick Holonyak alipata LED nyekundu mwaka 1962, na kwa miaka thelathini hivi taa hizo zikabaki vitone vya kuonyesha kwamba redio imewaka. Iliyokosekana ni bluu, na bila bluu hakuna nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliofanikisha bluu yenye nguvu kutokana na galiamu naitraidi, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kazi yao inaonekana ukifungua balbu iliyokufa. Chini ya kifuniko cheupe cha plastiki kuna bamba la alumini, na juu ya bamba vimepangwa vipande vya manjano vya mraba, kila kimoja cha milimita chache. Umanjano huo ni unga wa fosfori. Chipu iliyo chini yake inatoa bluu, unga unaigeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa manjano, na jicho linaziona zote pamoja kuwa nyeupe. Mara nyingi kipande kimoja kina doa jeusi katikati. Ni hicho kimoja tu kilichoungua, lakini kwa kuwa vimeungwa kwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinazimika. Mafundi wa mitaani wanalijua doa hilo vizuri. Wanalivusha kwa tone la risasi ya kulehemu, na balbu inawaka tena kwa muda.

Doa hilo jeusi ni kazi ya joto, na joto hilo mara nyingi limeamuliwa na mtengenezaji. Anayetaka kuuza bei chee hupunguza idadi ya chipu, akazisukumia umeme mwingi ili zitoe mwanga ulioahidiwa. Saa 25,000 zilizoandikwa kwenye boksi hazifiki, mnunuzi anarudi dukani, na ule msemo wa rahisi ghali unapata mfano mwingine. Kwamba ingewezekana vinginevyo imeshaonyeshwa Dubai, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa mengine. Mwaka 2016 kampuni ya Philips, kwa makubaliano na manispaa ya mji huo, ilitoa balbu ya wati 3 yenye mwanga wa lumeni 600. Siri yake haikuwa ugunduzi mpya: vyanzo vya mwanga viliongezwa, kila kimoja kikapewa umeme kidogo, joto likashuka. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi mkubwa alisema anachotaka. Kwa hiyo hata umri wa balbu, jambo tunalolidhani ni la kiufundi tupu, unategemea nani ameuliza nini kabla ya kulipa.

Nje ya nyumba mambo ni mazito zaidi, maana huko anayewasha mara nyingi siye anayelipa, na anayemulikwa hakuombwa ruhusa. Mwaka 2017 watafiti walioongozwa na Christopher Kyba walichapisha vipimo vya setilaiti vya kati ya 2012 na 2016, kipindi ambacho miji mingi ilikuwa ikihamia LED. Eneo la dunia linalomulikwa usiku liliongezeka kwa asilimia 2.2 kila mwaka. Na setilaiti hiyo ina upofu wake: haioni bluu, rangi ambayo LED nyeupe huimwaga kwa wingi kuliko taa za sodiamu za rangi ya chungwa zilizotangulia, hivyo mji uliobadilisha taa unaweza kuonekana umefifia kumbe watu waliomo hawakuona tofauti, au wameona mwanga zaidi. Kyba na wenzake walipotegemea macho ya watu, maelfu ya waangalizi wa kujitolea waliolinganisha anga lao na ramani za nyota kati ya 2011 na 2022, walikuta mwangaza wa anga ukiongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa panapoonekana nyota 250 atafikisha miaka 18 akiona 100. Waangalizi wengi walikuwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo tusizihamishie takwimu hizo Dodoma au Kisumu bila kupima. Hata hivyo kichocheo ni kilekile. Taa ikishuka bei, anayepanga bajeti haoni fedha za kurudisha, anaona nguzo za kuongeza. Na mwenye kituo cha mafuta, mwenye ukumbi na mwenye bango kila mmoja anaona ushindani. Mwaka 2019 mji wa Tucson, Arizona, ulipunguza na kuongeza taa zake za barabarani kwa makusudi ili setilaiti ipime. Sehemu ya taa hizo katika mwanga wote ulioonekana kutoka juu haikufika hata asilimia 20. Kilichobaki kilitoka kwingine, yakiwemo majengo, maegesho na matangazo.

Hapa msomaji aliyeko kijijini ana haki ya kukatiza. Watu wapatao milioni 600 Afrika kusini mwa Sahara hawana umeme, na wewe unalalamikia nuru? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pingamizi hili ni la haki, na kwa upande wa ndani ya nyumba sina la kulipinga. Kibatari cha kopo hakitoi hata sehemu moja ya hamsini ya mwanga wa balbu ya wati 9, na kinadai malipo yake kwa mafuta ya taa, masizi na hatari ya moto. Katika nyumba hiyo, katika darasa la jioni na zahanati ya usiku, mwanga ukiongezeka mara hamsini hakuna cha kujutia. Ndiyo maana inauma kuona mwanga ambao ungeweza kuwa juu ya daftari ukiwa juu ya mawingu. Taa ya nje inayomwaga sehemu ya mwanga wake juu na pembeni inatumia umeme uleule, fedha zilezile za umma, na hakuna mtoto anayesoma kwa mwanga huo. Kuzungumzia kipimo hakumpunguzii kitu asiye na taa. Kunamuuliza mwenye nyingi amezielekeza wapi.

Wala hoja ya viumbe si anasa iliyoletwa na wageni. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika wanajua siku nyingi kwamba mwanga ni chambo. Karabai zao, na sasa LED za betri, huwaita dagaa juu usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wengi hupumzisha mitumbwi, kwa sababu taa haishindani na mwezi. Kagera na Masaka, msimu wa senene, mitego ni balbu kali, mabati yaliyosimamishwa na mapipa chini yake. Senene wanaufuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani. Sasa weka vipimo kando ya ujuzi huo. Mwezi mpevu ukiwa juu kabisa unamulika ardhi kwa robo tu ya laksi, kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, au kasoro. Chini ya taa ya kawaida ya barabarani kuna laksi 10 hivi. Ikiwa robo laksi inatosha kuwarudisha wavuvi nyumbani, hatuwezi kujifanya kwamba mara arobaini ya kiasi hicho, kila usiku, mwaka mzima, haibadilishi kitu kwa vinavyoishi kando ya barabara. Uingereza walihesabu viwavi: utafiti uliotoka mwaka 2021 uliwakuta pungufu kwa asilimia 47 kwenye vichaka vilivyo chini ya taa za barabarani, na madhara yalikuwa makubwa zaidi chini ya LED nyeupe. Kwenye pwani yetu, Watamu na Mafia, watoto wa kasa wakitoka mchangani usiku huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ulikuwa bahari. Hoteli ikiwasha taa nyeupe inayotazama ufuo, wanageuka na kuifuata. Dawa yake haihitaji giza: taa ya rangi ya kaharabu, yenye kofia, iliyofungwa chini na kuangalia ardhi, inawatosha wageni kufika vyumbani na haiwaiti kasa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, nalo halijibiwi kwa kuwataja kasa. Mwanamke anayetoka kwenda choo cha pamoja saa nne usiku hana muda na falsafa ya kipimo. Na uko ushahidi upande wake: mwaka 2016 jiji la New York lilisimamisha minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma, mengine yakaachwa kwa ulinganisho, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa asilimia 36. Lakini mwaka mmoja kabla, watafiti waliochunguza halmashauri 62 za Uingereza na Wales zilizozima, kufifisha au kubadilisha taa zake za barabarani hawakupata ushahidi kwamba ajali wala uhalifu viliongezeka. Matokeo haya mawili yanapatana ukiangalia taa zilikuwa wapi. New York walimulika sehemu mahususi zenye watu na zenye uhalifu mwingi. Uingereza walipunguza mwanga uliokuwa umetapakaa tayari. Kinacholinda ni mwanga uliofika pale penye mtu, na huo unaweza kuwa mdogo.

Ukali, kwa upande mwingine, unaweza kumsaidia mwizi. Angalia taa za LED zinazofungwa juu ya kuta za nyumba za matajiri, zimeinamishwa kuelekea mtaani ili kumfukuza mgeni. Mpita njia anafumba macho, mboni inajikaza kwa sababu ya kile kimulimuli kimoja, na kila kisichomulikwa kinazidi kuwa cheusi. Aliyesimama nyuma ya taa, kwenye kona ya geti, haonekani kabisa. Mlinzi mwenyewe, akitazama nje kupitia mwanga wake, anaona ukungu. Taa hizo ni kali, zina ufanisi, na haziangazi kitu mtu anachohitaji kukiona. Zile nguzo ndefu ambazo Nairobi wanaziita mulika mwizi zina kasoro ya jamaa hiyohiyo, ingawa siwezi kuzibeza, kwani kiosko kimoja kinachofunga saa nne badala ya saa moja ni kipato cha familia. Kutoka urefu wa mita 30, mwanga unaangukia paa za mabati; kwenye vichochoro vya upana wa mabega mawili, kivuli cha nyumba moja kinalala juu ya mlango wa nyumba ya pili. Khayelitsha, Cape Town, ambako nguzo za namna hiyo zilianza enzi za ubaguzi wa rangi, watafiti walijaribu njia ya kinyume: taa ndogo za sola zikafungwa kwenye kuta za nyumba zenyewe, juu kidogo ya milango, zikiangaza vijia watu wanavyopita. Wati chache mahali pake.

Nikitaja sola ninasikia pingamizi jingine: jua halina ankara, basi kipimo cha nini? Anayesema hivi amesahau betri. Paneli inakusanya mchana kiasi fulani tu, na siku za masika kiasi hicho hushuka. Taa iliyopangwa kuwaka kwa nguvu zote muda wa saa kumi na mbili kila usiku inaimaliza betri karibu na mwisho wake usiku baada ya usiku, na betri inayochoshwa hivyo huzeeka mapema. Ndipo mji unabaki na nguzo nzuri zenye paneli juu na giza chini. Taa hiyohiyo ikipangwa kushuka hadi theluthi moja baada ya saa tano usiku, na kupanda mtu anapopita, inahitaji betri ndogo zaidi au inaishi muda mrefu zaidi. Kwenye sola, basi, kiasi ndicho kinachoamua kama taa itakuwepo mwaka wa tano.

Ndani ya majengo makubwa, LED hutuhadaa zaidi mchana. Karibu na ikweta tuna saa kumi na mbili za jua mwaka mzima, na nje saa sita mchana kuna laksi zinazoweza kufika 100,000. Meza ya ofisi inahitaji 500. Hata hivyo ingia katika ghorofa la vioo, Dar es Salaam au Nairobi, saa sita hiyohiyo. Jua linapiga kioo, kompyuta hazisomeki, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinavuma, na dari nzima inawaka taa nyeupe. Jengo limejengwa kwa vioo ili liwe na mwanga, kisha likazibwa, kisha likanunua mwanga mwingine. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, waliokuwa na kuta nene na ua wa ndani unaoshusha nuru iliyopoa, walijua kuutenga mwanga na joto. Enzi za balbu za waya kosa la vioo lingeonekana haraka kwenye ankara, kwa kuwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake zilikuwa joto, na kiyoyozi kililazimika kulitoa joto hilo. LED imelificha kosa. Taa ya bei chee inamsamehe msanifu aliyesahau jua liko wapi, na sioni kwa nini tuiite tija.

Nchi nyingine zimeshaanza kuandika kipimo katika sheria. Slovenia ilitunga kanuni za mwanga wa nje mwaka 2007. Ufaransa, tangu mwaka 2013, inataka madirisha ya maduka yazimwe ifikapo saa saba usiku, na amri ya Desemba 2018 ikagusa hata rangi ya taa na kiasi cha mwanga kinachoruhusiwa kwenda juu. Sisi tuko katika nafasi nzuri kuliko wao, kwa sababu taa zetu nyingi za barabarani bado hazijafungwa. Zabuni inayotaja idadi ya nguzo na wati zake italeta nguzo na wati. Inayotaja laksi zitakazopimwa juu ya njia, rangi yenye bluu kidogo, isiyozidi kelvini 2,700, kofia isiyoruhusu mwanga kupanda juu, na kiwango cha baada ya saa sita usiku, italeta kitu tofauti kutoka kiwanda kilekile. Kwa mwanga wa watu binafsi, ule ambao Tucson ulionekana kuzidi wa barabara, njia iko kwenye sheria ndogo za halmashauri. Bango hutozwa ada kwa mita za mraba. Ada hiyo inaweza kuhesabiwa pia kwa saa linazowaka baada ya saa sita usiku, na halmashauri ya kwanza itakayothubutu itashangaa jinsi wenye mabango watakavyozikimbilia taima madukani.